Direkta wa Masomo ni Mwalimu wa Walimu

Wengi kati yetu siku moja tutapewa paroki, na katika paroki tutakuta masomo. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 Serikali iliyapa tena Maeklezia madaraka ya kuongoza masomo mengi ya inchi yetu. Basi yafaa tujue vema kazi ya direkta ni nini.

Wengine wanazani kazi yake ni kuhesabu walimu wasiofika, kutia sahihi katika kaye za matayarisho, na kupeleka karatasi kwa wakubwa. Kazi hizo ni za lazima, lakini peke yake hazimkomazi mwalimu. Inspekta anapita mara chache. Direkta yuko pale kila siku. Kama yeye hamsaidii mwalimu kijana, nani atamsaidia?

Tutoe mfano. Katika kalasi ya tatu mwalimu ameandika ubaoni: 42 – 17. Watoto wengi wamejibu 35. Mwalimu anasema: «Watoto hawa ni wavivu.» Direkta, aliyeketi nyuma, hamkaripii mbele ya watoto. Baada ya masomo wanafungua kaye pamoja, naye anauliza: «Mtoto huyu alifanya nini mpaka akapata 35?» Mwalimu anatazama, anaona: mtoto ametoa 2 katika 7, na 1 katika 4. Si uvivu, hakuelewa kwamba kumi moja yaweza kufunguliwa. Kesho yake direkta anashika matita mane ya vijiti kumi kumi, na vijiti viwili. Anafungua tita moja: vijiti sasa ni 12, anaondoa 7, vinabaki 5. Matita yamebaki 3, anaondoa 1. Jibu ni 25. Juma linalofuata mwalimu mwenyewe anafundisha, na direkta anatazama.

Hapo tunaona mambo matatu: kutembelea kalasi, kuzungumza kwa siri bila kumtia mtu haya, na kuonyesha kwa mikono. La ine ni mkutano wa walimu, ambamo kila mmoja kwa zamu anaonyesha somo, na wenzake wanamsahihisha kwa upendo.

Lakini kazi hii inataka wakati. Tangu mwaka wa 2019, Serikali ilipoanza kuondoa malipo ya wazazi katika masomo ya msingi, kalasi nyingi zimejaa. Na sisi wa misioni, tuungame: mara ngapi tunamwita direkta aandae sikukuu, apokee wageni, aandike barua zetu? Saa tunayomnyang'anya yeye, tunawanyang'anya watoto.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi, ulikumbusha kwamba masomo ya kikatoliki yategemea kwanza walimu wake. Basi tunapotembelea masomo, tusiulize tu hesabu ya watoto na hali ya mabati. Tumwulize direkta: «Juma hili umeketi katika kalasi ya nani?»