Marathoni ipi ina kasi? Ushauri kwa wakimbiaji wa Busia na Malaba

Ukipita Alupe au Adungosi alfajiri, hukosi kuwaona walimu, makarani na maajenti wa kupitisha mizigo mpakani wakikimbia kabla ya kwenda kazini. Hawa si akina Eliud Kipchoge. Ni wakimbiaji wa ridhaa, wenye mishahara na familia, lakini hawakimbii kwa mchezo. Shabaha ya wengi wao ni moja: kumaliza kilomita 42.195 chini ya saa 3. Maana yake ni kukimbia kila kilomita kwa dakika 4 na sekunde 16, tena bila kupumzika.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara katika chumba cha matibabu ni hili: "Daktari, nikichanga pesa za kwenda ng'ambo mara moja tu, niende mbio gani nipate muda mzuri?" Ni swali la pesa, lakini ni swali la kitabibu pia. Mwili mmoja, wenye mazoezi yale yale, unaweza kumaliza kwa nyakati mbili zilizo mbali sana kwa sababu ya mahali ulipokimbia.

Tuanze na hewa. Mwaka 1964 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Tokyo, karibu na usawa wa bahari, kwa saa 2:12:11. Miaka minne baadaye michezo hiyo ilipelekwa Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu. Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, alishinda kwa saa 2:20:26. Wolde hakuwa mzembe. Kadiri unavyopanda juu ndivyo kila pumzi inavyokuletea oksijeni kidogo, na misuli haikopeshwi oksijeni kwa saa tatu.

Kwa hivyo usishangae kwamba mbio zetu za nyumbani hazitoi muda wa haraka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Eldoret karibu mita 2,100. Lewa, ndani ya hifadhi ya wanyama, ni vumbi na vilima. Nenda Lewa kwa uzuri wake, usiende kwa ajili ya saa. Sisi wa Busia na Malaba tunaishi karibu mita 1,200. Wengi hudhani kwamba kuwa Mkenya kunatosha, lakini mapafu na damu havisomi kitambulisho. Mtu wa Malaba akipanda Iten, mita 2,400, hutweta kama mgeni mwingine yeyote.

Kampala iko karibu nasi, ni safari ya basi tu, na kimo chake ni kama chetu. Ubaya wake ni vilima. Kule Moshi, mbio za Kilimanjaro zina mpando mrefu kuelekea Mweka katika nusu ya pili, wakati miguu imekwisha choka. Mombasa na Dar es Salaam ziko chini kabisa na ni tambarare, lakini joto na unyevu wa pwani hula faida yote hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii, nalo ni wenzako wa njiani. Katika mbio zetu mabingwa hutoweka mbele, na anayetafuta saa 3 hujikuta peke yake barabarani, akipambana na upepo. Katika miji mikubwa ya ng'ambo utapata mamia ya watu wa kasi yako, mbele na nyuma. Kundi hukukinga upepo na kukushikia mwendo.

Haya, tuvuke bahari. Berlin ndiyo inayotajwa kwanza, na kwa haki. Njia yake ni tambarare na haina kona nyingi kali. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia huko mwaka 2003, wakafuata Patrick Makau 2011, Wilson Kipsang 2013, Dennis Kimetto 2014, na Kipchoge mara mbili, 2018 na 2022, ile ya pili kwa saa 2:01:09. Chicago nayo ni tambarare. Ndiko marehemu Kelvin Kiptum alikokimbia saa 2:00:35 mwaka 2023. New York ni kinyume chake: madaraja, vilima, na mpando hadi mwisho. Tamirat Tola alipoweka rekodi ya njia hiyo mwaka 2023, alitumia saa 2:04:58.

Boston inahitaji maelezo. Njia inaanza Hopkinton na kuishia mjini, ikiteremka jumla ya karibu mita 140. Ndiyo maana saa 2:03:02 za Geoffrey Mutai mwaka 2011, ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezifikia wakati huo, hazikukubaliwa kuwa rekodi ya dunia. Lakini usidanganyike na neno mteremko. Misuli ya mapaja hupigwa vibaya mapema, kisha vilima vya Newton vinakungoja karibu na kilomita ya 30. Mwaka 2018 Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali aliyekuwa akifanya kazi ya ofisi shuleni, alishinda Boston hiyo hiyo kwa saa 2:15:58 katika mvua ya baridi na upepo wa usoni. Mutai alikuwa amesukumwa na upepo wa mgongoni. Barabara ni ile ile, na tofauti ya washindi wawili inakaribia dakika 13. Hali ya hewa haiandikwi kwenye ramani.

Boston pia haimchukui kila anayetaka. Kwa mbio za 2026 mwanamume wa chini ya miaka 35 alitakiwa awe amekimbia saa 2:55 au chini yake, na mwanamke wa umri huo saa 3:25. Kuanzia mbio za 2027, aliyepata muda wake kwenye njia inayoteremka takriban mita 457 au zaidi huongezewa dakika 5 au zaidi kabla ya kuhesabiwa. Kutafuta mlima wa kuporomoka nao si ujanja tena.

Mtu wa mpakani akiniuliza nichague moja, nitasema Valencia, Hispania, kabla ya Berlin. Iko usawa wa bahari, ni tambarare, na hufanyika mwanzoni mwa Desemba, wakati asubuhi huwa na ubaridi. Marathoni hupendelea nyuzijoto kama 10 hivi. Berlin ni Septemba, na joto la kiangazi linaweza kuwa halijaondoka. Mwaka 2025 lilikuwepo, ingawa Sabastian Sawe alishinda kwa saa 2:02:16. Chicago mwaka 2007 ilikuwa mbaya zaidi: joto lilipita nyuzi 30 na waandalizi wakalazimika kusimamisha mbio. Nawe wa saa 3 au 4 joto hukuumiza kuliko bingwa, kwa kuwa unakaa juani muda mrefu zaidi. Mazoezi yetu ya Busia husaidia kidogo hapo, maana mwili uliozoea joto hutokwa na jasho mapema na moyo hauhangaiki sana.

Lakini kabla ya kulipa ada na kupanga foleni ya viza Nairobi, pima damu. Hilo nalisisitiza kuliko viatu. Ukanda wetu wa ziwa una malaria mwaka mzima, na kila homa hupunguza chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Dawa humalizika kwa siku 3, lakini damu huchukua wiki kadhaa kurudi. Mwanamume mwenye himoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke chini ya 12, ana upungufu wa damu. Hakuna njia tambarare duniani itakayomfidia.

Pima selimundu pia. Wengi katika magharibi mwa Kenya wamerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu na hawaumwi kamwe. Hawakatazwi kukimbia. Ila juhudi kali katika joto, mwili ukiwa umekauka maji, inaweza kuivunja misuli yao na kuua figo, na wachache wamepoteza maisha hivyo. Mwenye hali hiyo ana sababu nyingine ya kuchagua mbio za baridi, na ya kusimama mara moja anapohisi udhaifu mkubwa wa miguu usio wa kawaida.

Maji nayo yana kipimo. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu baada ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa na sodiamu pungufu, hasa wale waliokunywa kupita kiasi hata wakaongeza uzito njiani. Kunywa kwa kiu. Na vile vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinavyonunuliwa madukani hapa kama peremende, usimeze asubuhi ya mbio. Vikikutana na mwili uliokauka, figo ndizo hulipa.

La mwisho ni la wale watakaofika kweli. Ukipata homa ukiwa Valencia au Berlin, au hata wiki mbili baada ya kufika, usikubali kuambiwa ni mafua na uchovu wa mbio. Daktari wa huko huenda hajaona malaria miaka mingi. Mwambie mara moja kwamba umetoka Busia, na uombe kipimo cha malaria siku hiyo hiyo.