Hisani ya Baiskeli Isifunike Haki ya Mtoto

Neno hisani lina heshima kubwa katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni wema autendao mtu pasi na kushurutishwa wala kutazamia malipo. Miaka ya karibuni neno hili limejipatia majirani wapya: matembezi ya hisani, mbio za hisani, chakula cha jioni cha hisani na sasa safari ya baiskeli ya hisani. Mimi ni mwalimu wa isimu, na sehemu ya kazi yangu ni kuyafuatilia maneno yanapohama makao. Namwomba msomaji anifuate leo nimwonyeshe hili limeelekea wapi, kwa kuwa nadhani jambo lenyewe halihusu kamusi peke yake.

Wakenya si wageni wa kuchanga. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta aliutwaa wito wa harambee, ambao watu huutoa wanapovuta au kuinua mzigo kwa pamoja, akaufanya wito wa taifa. Shule nyingi za mashambani zilisimama kwa kuku, ng'ombe na senti za wanavijiji. Baadaye wito ukageuka amri. Michango ikakusanywa kwa nguvu za machifu, na jukwaa la harambee likawa jukwaa la kutafutia kura. Ndiyo sababu Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya 2003 ilimkataza ofisa wa umma kutumia cheo chake kuchangisha pesa.

Safari za hisani zimekuja na desturi tofauti. Anayechangisha hulipa kwanza kwa jasho lake, kisha ndipo awaombe wenzake. Mwaka 2012 Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini ili zipatikane pesa za kujenga hospitali ya majeruhi wa uti wa mgongo. Mwaka uliofuata Jim Nyamu alitembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi akiwatetea ndovu. Mwezi Aprili 2014 Bi. Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati huo, alikimbia marathoni ya London kwa ajili ya afya ya kina mama na watoto wachanga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba akiwa ameketi.

Ni katika mkondo huo mimi na mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na sita, tulipoendesha baiskeli likizo ya Agosti iliyopita kutoka Kericho hadi Bomet na kurudi. Ilikuwa safari ya siku mbili na zaidi ya kilomita 120. Nia ilikuwa kuwachangia wasichana watatu wa kijiji cha mama yangu ambao walikuwa karibu kuiacha shule ya kutwa kwa sababu ya malimbikizo ya malipo. Jamaa na wafanyakazi wenzangu 31 waliahidi kila mmoja kutoa kiasi fulani kwa kila kilomita. Wazo lilikuwa la kijana. Mmoja wa wasichana hao ni binamu yake, na wawili wengine amecheza nao tangu utotoni.

Anayeipita nchi ya chai kwa gari huliona zulia la kijani na kulisifu. Anayeipita kwa baiskeli hupata muda wa kuwaona walio ndani ya zulia hilo. Kutoka Kericho mpaka Litein barabara hupanda na kushuka bila huruma, na kila mwinuko ulitulazimisha kwenda polepole kiasi cha kuamkiana na wachumaji. "Chamgei!" walituita, nasi tukaitikia. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni aliuliza, "Mama, huyo kijana anakufukuza au anakusindikiza?" Wenzake wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Mbele ya Kapkatet tulipumzika katika kituo cha kununulia majani, ambapo wakulima walikuwa wakilisubiri lori la kiwanda. Zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo kama hao, ambao tangu 1964 wameuza majani yao kupitia shirika la KTDA. Mzee mmoja alimweleza mwanangu hesabu ya nyumba yake kwa maneno machache. Malipo ya kila mwezi ni ya sukari, sabuni na mbolea, nayo bonasi inayolipwa karibu na Oktoba ndiyo karo ya Januari. Bonasi ikipungua, mtoto mmoja hubaki nyumbani. Mzee hakulalamika wala hakuomba kitu. Alikuwa akimfundisha kijana hesabu.

Kwa walioajiriwa katika mashamba makubwa hesabu ni nzito zaidi. Mashine za kuchuma zimechukua kazi za mikono mingi, na uchungu wa jambo hilo ulidhihirika Mei 2023 Kericho, watu walipoandamana na mashine kadhaa zikateketezwa kwa moto. Mama wa mmoja wa wale wasichana watatu alikuwa mchumaji wa mashamba hayo. Sasa yeye hufanya vibarua vya siku, na siku nyingine havipatikani.

Lazima niitaje barabara yenyewe pia. Katika sehemu nyingi ukingo wa lami ni mwembamba, ilhali malori na matatu huenda kama yanayokimbizwa. Kaunti ya Kericho inajua gharama ya barabara kuliko kaunti nyingi. Mnamo Oktoba 10, 2018 basi lilianguka karibu na Fort Ternan, na Juni 30, 2023 lori liliwavamia wachuuzi na abiria katika makutano ya Londiani. Katika kila mkasa walikufa watu zaidi ya 50. Nchini kote barabara zetu zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Nilimtanguliza mwanangu, mimi nikawa nyuma, macho yangu mgongoni pake. Kila tuliposikia mngurumo wa trela tuliteremka tukasimama nyasini. Lakini njiani tuliwapita watoto wengi wadogo kuliko yeye wakitembea kwenye ukingo ule ule. Hatari tuliyoichagua sisi kwa siku mbili ni njia yao ya kila siku, na hakuna aliyewaahidi shilingi kwa kilomita.

Alasiri ya siku ya kwanza mvua ya mawe, ambayo ni maarufu katika nyanda hizo, ilitukimbiza hadi barazani pa duka moja huko Kaplong. Wazazi wenye watoto wa umri huo wananielewa nikisema kwamba nyumbani kijana wangu hujibu kwa neno moja, na neno hilo aghalabu ni la Sheng. Barazani hapo, tukiitazama mvua badala ya kutazamana, alizungumza kwa Kiswahili kamili. Aliniuliza, "Mama, si Katiba inasema elimu ni bure? Sasa sisi tunalipia nini?"

Nilimjibu kama mwalimu. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo ya masomo katika shule za umma, lakini inaacha mlango wazi kwa malipo mengine yakiidhinishwa na waziri. Mwaka 2018 serikali iliweka mgao wa Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Hata hivyo pesa hizo zimekuwa zikifika shuleni kwa kuchelewa na kwa mafungu, mwalimu mkuu ana wapishi na wauzaji mahindi wanaomdai, na chakula cha mchana na sare ni mzigo wa mzazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi tukichanga kila mwaka, serikali itajuaje kwamba haijalipa?"

Swali hilo sikulijibu pale, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kiswahili hutenganisha vizuri mambo mawili ambayo michango yetu imeanza kuyachanganya. Hisani huombwa, haki hudaiwa. Anayepewa hisani hushukuru, naye anayepewa haki hana deni la shukrani kwa mtu yeyote. Mtoto anayetajwa katika Ibara ya 53 ni mdai. Tunapomfanya asimame mbele ya wafadhili akiinamisha kichwa, huwa tumemhamisha kutoka safu moja ya msamiati hadi nyingine, na pamoja na neno tumehamisha wajibu. Yule aliyepaswa kulipa huwa amesahauliwa. Pengine hata hualikwa kuwa mgeni wa heshima.

Je, tuache kuchanga? La hasha. Msichana wa kidato cha pili hawezi kulisubiri Bunge. Akikaa nyumbani mihula miwili, huenda asirudi tena darasani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami siwezi kumlaumu mwenye moyo. Ninachokiomba ni kwamba safari hizi zifuate utaratibu usioficha deni la msingi.

Kwanza, hesabu. Sisi tuliulipa mchango moja kwa moja shuleni, tukachukua risiti inayoonyesha kila kipengele, kisha tukaandika barua kwa bodi ya elimu ya kaunti na kwa mbunge tukieleza ni kiasi gani tulicholipia na kwa nini kilikuwa kinadaiwa. Nakala tuliwapelekea wote waliotuchangia. Mwanangu ndiye aliyeiandika, nami nikasahihisha tahajia tu.

Pili, staha. Wale wasichana hawakupangwa mstari wapigwe picha wala hawakusoma hotuba ya shukrani. Majina yao hayamhusu mfadhili. Michango ya simu, ambayo imekuwa rahisi tangu M-Pesa ilipoanza 2007, haihitaji uso wa mtoto ili ifike.

Tatu, barabara. Haifai kuwaalika vijana waendeshe baiskeli kwa ajili ya wema katika njia isiyo na nafasi ya baiskeli. Viongozi wa Kericho na Bomet waidai Mamlaka ya Barabara Kuu njia ya kando kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli, wakianzia karibu na shule na vituo vya kununulia majani. Waendesha baiskeli wa hisani watapita hapo siku moja kwa mwaka, na watoto wa shule watapita siku zote nyingine.

Najua kuna wazazi watakaosoma haya wakiwa tayari wanapanga safari kama yetu likizo ijayo. Nawatia moyo. Miguu itauma, mtoto atawatangulia kwenye kila kilima, na mtasikia mengi ambayo nyumbani hamsikii. Lakini mkishaijaza fomu ya ahadi za kilomita, chukueni karatasi ya pili mwandike ni nani hasa aliyepaswa kulipa, na barua hiyo ifike ofisini kwake kabla ninyi hamjafika mwisho wa safari.