Kisichokorogeka Hukunjwa

Akorogaye chai hudhani kwamba vimiminika viwili vikikutana havina budi kuchanganyika. La hasha! Ndani ya mfereji mwembamba kama unywele, mnato hutawala. Vimiminika hutiririka sambamba bila kuvurugana. Osborne Reynolds alikwisha kuuonyesha mtiririko huo mtulivu mjini Manchester mwaka 1883.

Basi hubaki kusambaa kwa molekuli. Upana ukiwa milimita 0.2, molekuli ndogo huhitaji makumi ya sekunde kuvuka. Protini huchelewa zaidi. Upana ukipunguzwa nusu, muda hubaki robo, lakini mfereji huhitaji shinikizo kubwa na huziba upesi.

Mwaka 2002, Abraham Stroock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza hila nyingine: mifuo ya mshazari sakafuni mwa mfereji, mfano wa mifupa ya samaki, ncha zake zikihamia mara kushoto, mara kulia. Mifuo hiyo huvivuta na kuvikunja vimiminika kama mpishi akandaye unga wa chapati. Kila mkunjo hupunguza unene wa tabaka, hata kusambaa kukamalizia kazi.

Vifaa hivyo vimetumika maabarani kuunda vijichembe vya mafuta vibebavyo dawa. Uchanganyaji ukilegea, vijichembe hutofautiana ukubwa.

Walimu wenzangu, mwanafunzi aliyekariri kanuni tu angeongeza kasi, kumbe angevinyima vimiminika muda wa kuchanganyika. Tumfunze kuuliza kwa nini. Somo hili laweza kuanzia jikoni.