Nilivyojitangazia dawa ya malaria kutoka kwenye laptopu

Wadau, naomba nianze kwa kuungama. Mwezi wa tatu tu tangu nianze kujifunza fani hii ya kutafuta dawa kwa kompyuta, niliwaambia ndugu zangu kwamba nimepata dawa ya malaria ndani ya mwarobaini. Mama mdogo akanisikiliza weee, halafu akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, niache mseto ninywe mwarobaini?"

Jasho likanitoka.

Kazi yenyewe iko hivi. Kimelea cha malaria kina kimeng'enya kinaitwa DHFR, bila hicho hakiwezi kutengeneza DNA yake. Pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye SP, inaingia kwenye tundu la kimeng'enya hicho na kuliziba. Watanzania SP tunaijua: mwaka 2001 ilichukua nafasi ya klorokwini, na 2006 sera ikahamia kwenye mseto, maana usugu ulikuwa umezidi. Usugu huo unaanzia kwenye kitu kidogo mno. Asidi amino ya 108 inabadilika kutoka serini kuwa asparajini, inachomoza ndani ya tundu, dawa inakosa pa kukaa.

Umbo la kimeng'enya hiki limo kwenye hazina ya Protein Data Bank, namba 1J3I, na utafiti wake ulichapishwa 2003. Unalishusha bure. Programu ya AutoDock Vina nayo bure, na laptopu ya kawaida inatosha kabisa. Programu inaigeuza-geuza molekyuli ndani ya tundu kama mtu anayejaribu funguo gizani, na kila mkao inaupa namba. Namba ikiwa hasi zaidi, ndivyo inavyokadiria kwamba molekyuli imeshika vizuri zaidi.

Mimi nikapachika azadirachtin ya mwarobaini. Namba ikaipita ya pirimethamini. Nikashangilia peke yangu usiku wa manane!

Baada ya swali la mama mdogo ndipo nikafanya jaribio nililopaswa kuanza nalo. Faili la 1J3I linakuja na molekyuli nyingine ndani ya tundu, WR99210. Unaitoa, unaiambia programu iirudishe, halafu unapima imerudi umbali gani kutoka mahali pake pa awali. Kwa kawaida tofauti isizidi angstromu 2 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Yangu ikaenda kukaa kwingine kabisa.

Kisa? Nilipokuwa nafuta maji kwenye faili, kama maelekezo ya wanaoanza yanavyosema, nikafuta na NADPH. Hii NADPH ni msaidizi wa kimeng'enya, inakaa jirani kabisa na dawa, ni sehemu ya ukuta wa tundu. Nilipofungua picha nikaona azadirachtin yangu imejilaza palepale pa NADPH, kama mpangaji aliyeingia chumba cha mtu aliyesafiri. Nikairudisha NADPH: WR99210 ikarudi kwake vizuri, na ile namba ya mwarobaini ikaporomoka.

Hata isingeporomoka, bado. Azadirachtin ina uzito wa molekyuli kama 720, pirimethamini 249. Molekyuli kubwa inagusa kuta nyingi, kwa hiyo hizi programu huipendelea tu kwa ukubwa wake. Na namba haijui kama kitu kitapenya utumbo, ini litakifanya nini, au kitamdhuru mgonjwa. Hayo yanataka maabara, chupa na vimelea hai, na miaka.

Mama mdogo nilimpigia siku ileile. "Maliza dozi yako ya mseto, mama." Akacheka, akasema alishaimaliza, alikuwa ananipima tu. Sasa najaribu 1J3J, umbo lenye ile asparajini ya 108, na NADPH nimeiacha mahali pake.