Augusta Chiwy, Mwuguzi Asiyekuwa na Cheo

Vita vinapokwisha wenye vyeo huandikiwa vitabu na kusimamishiwa sanamu. Lakini nyuma ya kila jeshi hufuata watu wasiokula kiapo cha askari, wala hawana nyota begani: wachukuzi, wapishi, wafuaji, wauguzi. Mwaka 1916, jeshi la Kongo lilipotoka pande zetu za Kivu likaenda kuutwaa mji wa Tabora, maelfu ya wachukuzi walilibebea vyakula na risasi, na wanawake waliwapikia askari njiani. Jemadari Tombeur twamjua kwa jina. Wale wengine, ni nani awajuaye?

Leo twataka kuwasimulia habari za raia mmoja wa namna hiyo, mwanamke aliyezaliwa katika nchi hizi za Maziwa Makuu. Kazi yake aliifanya mwaka 1944; heshima yake aliipata mwaka 2011.

Augusta Chiwy alizaliwa tarehe 6 Juni 1921 katika kijiji cha Mubavu, katika Ruanda-Urundi ya wakati ule, sehemu ambayo sasa ni nchi ya Burundi. Wabelgiji ndio waliotawala huko, na tangu 1925 nchi hiyo iliunganishwa na Kongo katika utawala mmoja. Baba yake, Henri Chiwy, alikuwa Mbelgiji, mganga wa mifugo. Mama yake alikuwa Mwafrika. Augusta alipokuwa na umri wa miaka tisa, baba yake alimpeleka Ubelgiji, akakulia Bastogne, mji mdogo uliomo katika vilima na misitu ya Ardennes. Baadaye alikwenda mji wa Leuven kujifunza uuguzi, akahitimu mwaka 1943, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani.

Mwezi Septemba 1944 majeshi ya Marekani na Uingereza yaliwafukuza Wajerumani karibu katika Ubelgiji yote, na watu wakadhani kwamba vita vimewaondokea. Basi mwezi Desemba Augusta alifunga safari kwenda Bastogne kula Noeli pamoja na jamaa zake. Kumbe tarehe 16 ya mwezi huo Wajerumani walirudi kwa ghafula, na vifaru vyao vikapita kati ya misitu. Bastogne ni mahali panapokutana barabara saba. Mwenye kuushika mji huo ndiye mwenye kuzishika njia zote. Kwa hiyo Wamarekani waliamriwa wasiuache, na Wajerumani wakauzingira pande zote. Theluji ilikuwa nyingi, baridi kali mno, na mizinga haikunyamaza.

Katika mtaa mmoja wa mji huo palikuwa na mganga kijana wa jeshi la Marekani, jina lake Jack Prior, wa Divisheni ya 10 ya Vifaru. Majeruhi walilala sakafuni mbele yake, wala hakuwa na watu wa kumsaidia. Dawa za kutuliza maumivu zilikuwa zikimwishia. Watu wa mji walileta mashuka yao yapasuliwe yawe bendeji, na mahali pa dawa ya usingizi majeruhi walinyweshwa konyaki. Prior aliposikia kwamba mjini kuna mwuguzi aliyehitimu, alikwenda kumwomba msaada. Augusta alikubali. Hakuandikwa jeshini, hakupewa cheo, hakuahidiwa mshahara. Alikuwa msichana wa miaka 23 aliyekuja kuwaamkia wazazi.

Tena, asidhani mtu kwamba alipokewa na wote kwa shukrani. Jeshi la Marekani la siku zile liliwatenga weusi na weupe; amri ya kuufuta utengano huo ilitolewa na Rais Truman mwaka 1948 tu. Basi walikuwako majeruhi waliokataa kuguswa na mikono myeusi. Prior aliwajibu kwa maneno machache: ama wakubali kutibiwa naye, ama wafe. Augusta akaendelea kuosha vidonda, vya yule aliyemkataa na vya yule aliyemwita.

Nguo zake zilipolowa damu, alivaa za jeshi la Marekani. Jambo hili lilikuwa la hatari kubwa, kwa maana raia akikamatwa na adui amevaa nguo za askari aweza kupigwa risasi. Hata hivyo alitoka nje pamoja na Prior kuwachukua majeruhi uwanjani, risasi zikipita. Husimuliwa kwamba mganga alimtania, akisema risasi zimemkosa kwa sababu ya udogo wa umbo lake. Naye akajibu kwamba uso mweusi juu ya theluji nyeupe ni shabaha rahisi, basi hao Wajerumani hawajui kulenga.

Hakuwa peke yake. Pamoja naye alitumika Renée Lemaire, mwuguzi mwenyeji wa Bastogne, mwenye miaka 30, raia kama yeye. Usiku wa kuamkia Noeli, tarehe 24 Desemba, ndege za Wajerumani ziliuangushia mji mabomu, na bomu moja likaipiga nyumba walimolazwa majeruhi. Majeruhi wapatao 30 walikufa, na Renée Lemaire pamoja nao. Augusta alikuwa katika nyumba ya jirani. Mshindo ulimrusha akapenya ukuta, lakini aliinuka mzima, akarudi kazini. Prior aliuzungushia mwili wa Renée hariri nyeupe ya parachuti, akaupeleka kwa wazazi wake. Siku mbili baadaye, tarehe 26, jeshi la Jemadari Patton liliuvunja mzingiro.

Vita vilipokwisha, Augusta alirudi katika maisha ya kawaida. Aliolewa na askari wa Ubelgiji, akazaa watoto wawili, akafanya kazi ya uuguzi hospitalini. Mambo ya Bastogne hakuyasimulia ila kwa nadra sana. Waandishi wa habari za vita walimtaja kama “mwuguzi mweusi” pasipo jina lake halisi, na wengine walidhani kwamba naye alikufa usiku ule wa bomu. Ndipo Martin King, mwandishi Mwingereza, alipomtafuta miaka mingi, akamkuta katika nyumba ya wazee huko Ubelgiji. Mwezi Juni 2011 Mfalme Albert wa Pili alimpa nishani. Mwezi Desemba mwaka huo jeshi la Marekani nalo likampa nishani ya raia waliotumikia ubinadamu. Alisema kwamba aliyoyafanya ni ya kawaida, angemfanyia mtu yeyote, kwa kuwa sote ni watoto wa Mungu. Alifariki tarehe 23 Agosti 2015, mwenye miaka 94.

Kwa nini tunawaandikia habari hizi ninyi wa Majengo? Kwa sababu mji wetu wa Goma wajua mzingiro ni nini. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, hospitali kama ile ya CBCA Ndosho zilijaa majeruhi kupita vitanda vyake, raia na askari pamoja. Waliowafunga vidonda walikuwa raia wenzetu. Na katika mji uliopita mikono mbalimbali, ulimi wa mtaa haukosi kuuliza: yule binti anawatibu askari wa upande gani?

Jibu limekwisha kuandikwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 wasema kwamba mtu yeyote asisumbuliwe wala kuhukumiwa kwa sababu amewauguza majeruhi. Mwenye kuosha kidonda hashiriki ugomvi wa mwenye kidonda. Wazazi, binti yenu akitaka kujifunza kazi hii, msimzuie kwa hofu ya maneno ya watu.

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi. Waulizeni mama na bibi zenu: ni nani aliyewapikia majeruhi, aliyewachotea maji, aliyetoa shuka lake lipasuliwe? Yaandikeni majina hayo katika daftari, pamoja na siku na mahali, mkalitunze daftari hilo mahali salama. Augusta Chiwy alingoja hata uzee wake kabla jina lake halijatajwa. Wa kwetu wasingoje muda mrefu hivyo.