Mutoto wa orki anazaliwa mubaya? Sayansi ya jeni ndani ya michezo ya kuwaza

Dungeons & Dragons ni muchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Watu wanakaa kwenye meza na karatasi, kalamu na dadu. Kila mumoja anachagua kuwa kiumbe fulani: binadamu, elfi mwenye masikio marefu, ao orki mwenye meno ya kutokea inje. Ni hadithi tu. Lakini wachezaji wanabishana: sayansi ya jeni, ni kusema maagizo yenye mutoto anapata mwilini kutoka kwa baba na mama, iingie humo ao ibaki inje?

Katika kitabu cha sheria cha 2014, viumbe hao waliitwa "rasi". Nusu-orki alipewa alama mbili zaidi za nguvu, elfi alama mbili za wepesi, kwa kuzaliwa tu. Kitabu cha 2024 kilibadilisha neno kuwa "spishi", aina ya viumbe. Alama nazo sasa zinatokana na maisha ya mbele: mutu alikuwa mulimaji, askari ao mwandishi.

Hapo wenye kupenda biolojia wakauliza. Farasi iko na kromosomu 64, punda 62. Mutoto wao, nyumbu, anapata 63, na kwa kawaida hazai. Lakini katika hadithi hizi binadamu na elfi wanazaana, na watoto wao wanazaa pia. Sasa ni spishi mbili namna gani? Wengine wanajibu: kama joka anaruka na kutema moto, kromosomu ni za nini?

Wote wako na sehemu ya ukweli. Joka hahitaji maabara. Shida inaanza wakati hadithi inasema kundi zima linazaliwa baya ao jinga, kisha mutu anasema: "Ni sayansi."

Sayansi haisemi hivyo. Watu wote wa dunia wanafanana karibu 99,9% katika jeni. Jeni zinasaidia kueleza rangi ya macho ao urefu, lakini hakuna jeni yenye kufanya kabila nzima kuwa wezi ao wauaji.

Wakaaji wa Mashariki wanajua uzito wa jambo hilo: mutu anahukumiwa kwa kabila yake mbele hata hajafungua kinywa. Kwa hiyo, kijana akicheza, hata kwenye telefone, auliza: huyu adui ni mubaya sababu ya matendo yake, ao sababu ya damu yake?