Kabla hujavuka kwenda Kinango, iteremshe hiyo spea uitazame

Inama nyuma ya gari lako la 4x4, au vua kile kifuniko cha mlangoni, usome ubavu wa tairi la spea. Tafuta herufi DOT, kisha namba nne za mwisho. Zikiwa 2314, ujue tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2014.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari la mtumba lisilozidi miaka minane. Vijana wengi hapa Mombasa wananunua lile lililokaribia mwisho wa muda huo kwa sababu ndilo bei yake inashikika. Matairi manne ya chini yatabadilishwa, hayo yanaonekana. Spea haiguswi. Limetoka nayo Japani, imekaa chini ya gari ikipigwa na joto na chumvi ya bahari, na bado ina vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Ukiitazama utasema mpya kabisa. Lakini raba huzeeka hata ikikaa bure, na kampuni kama Michelin hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 10 tangu litengenezwe, spea ikiwemo. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha wa karibu, si ya kukuvusha Kinango usiku.

Na safari za siku hizi ndizo hizo. Barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi upande wa Kwale bila kungoja feri ya Likoni, kwa hivyo Jumamosi kikundi cha marafiki wa Changamwe kinaamka tu na kusema twende Shimba Hills, au tushike vumbi la Kinango. Huko kuna miiba ya migunga, na ukishuka ufuoni kuna mawe ya matumbawe ambayo makali yake ni kama wembe. Msumari ukiingia kwenye uso wa tairi, unaziba. Ubavu ukipasuka, hakuna cha kuziba. Ndiyo maana madereva wa Safari Rally pale Naivasha hubeba spea mbili, na wale wana timu nzima ya mafundi inayowasubiri. Wewe unasubiriwa na nani?

Basi umeamua kununua nyingine. Hapa ndipo watu wengi huliwa. Fundi atapima kwa macho akwambie, "Hii itaingia tu, boss." Muulize inaingiaje. Prado ina bolti sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7. Pajero nayo ni sita, duara ni lile lile. Lakini tundu la katikati la rimu ya Pajero ni kama milimita 67, na habu ya Prado inahitaji 106. Haitaingia hata uipige nyundo. Jimny ina bolti tano kwenye duara hilo hilo la 139.7, RAV4 ina tano kwenye 114.3, kwa hivyo msihesabu bolti pekee mkafikiri mmemaliza. Na hata ikiingia, izungushe kwa mkono uone kama haigusi breki wala ule mkono wa suspensheni. Jaribu mbele, jaribu nyuma. Afadhali fundi akuone msumbufu.

Saizi ya tairi nayo ina siri nzuri. 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18 zina urefu unaokaribia kuwa sawa zikisimama: tofauti haifiki hata milimita tatu. Kwa hivyo spea ya rimu 17 inaweza kusimama na wenzake wa rimu 18 bila gari kuinama. Lakini ukiwa umefunga 285/65R17 ili gari lionekane bwana mkubwa, halafu spea ni ile ya zamani ya 265, umepungukiwa milimita 26. Kwa Prado, ambayo huendesha magurudumu yote manne muda wote, difu itakuwa inafanya kazi bila kupumzika. Nenda polepole, mwendo mfupi, na usifunge difu ya kati ukiwa kwenye lami. Kwa Jimny au Hilux, weka gari kwenye mwendo wa magurudumu mawili, na hilo tairi dogo lifunge mbele. Kama pancha ni ya nyuma, toa tairi zima la mbele ulipeleke nyuma. Kazi mara mbili, najua. Difu ni ghali zaidi.

Kuhusu rimu, mimi ningechukua ya chuma. Haina sura, lakini ikipindika jiweni fundi anaigonga ikarudi. Angalia tu nati. Kuna nati zenye washa bapa na kuna zenye umbo la koni, na rimu ya chuma kwa kawaida hutaka koni. Ukifunga bapa kwenye tundu la koni, itaonekana imekaza na kumbe haijashika.

Mahali pa kuibeba? Mlangoni ni rahisi kuifikia, ila spea kubwa ina uzito wa karibu kilo 30 au zaidi, na bawaba za mlango zilipimiwa ile ya kiwandani. Mlango ukianza kulia kwenye matuta, hizo ndizo bawaba zinakulilia. Juu ya paa gari linayumba kwenye kona, tena jaribu kuishusha peke yako gizani. Chini ya gari ni pazuri kwa uzito, lakini kwetu Pwani mnyororo wake huota kutu hadi ukagoma kabisa. Ushushe kila baada ya miezi michache, upake grisi, upime upepo, halafu uikaze mpaka isicheze. Weka na kufuli, maana hata wezi wanajua kuinama.

Fanya zoezi moja nyumbani, mchana, uani. Toa gurudumu, funga spea, kwa jeki na spana zile zile utakazobeba. Gari lililoinuliwa mara nyingi jeki yake ya kiwandani haifiki tena. Kama nati zako zina ile ya kufuli, hakikisha ufunguo wake uko ndani ya gari, si kwenye droo chumbani. Beba na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu kwenye mchanga itazama. Kaza nati kwa mtindo wa nyota, si kwa kufuata mzunguko.

Na ikitokea umeifunga njiani, usijisahau kwa furaha ya kuondoka. Baada ya kilomita 50 hivi, au ukishafika Kinango mjini, shuka ukaze tena nati kabla ya kuagiza chai.